Zamu ya Marehemu Msengi

Taarifa ilifika kituo cha Mwankoko, Singida, asubuhi, watu wakinywa chai. Ngwatu, fundi wa mitambo, aliisoma, akaisoma tena, akaweka kikombe juu ya kibodi, kosa ambalo yeye mwenyewe huwafokea wenzake kila wiki. Kisha akaita kwa sauti.

"Dada Nakijwa! Njoo uone. Kuna nyota imekufa."

"Nyota zinakufa kila siku, Ngwatu."

"Hii imekufa leo, na ngozi yake bado haina habari."

Nakijwa Mrutu alikuwa kijumbe wa darubini, yaani msimamizi wa zamu zake, na vijumbe hawakimbii ovyo, lakini alifika pale mezani kabla chai haijamwagika. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe kutoka kwa mapipa matatu makubwa ya maji yaliyozikwa chini ya milima katika nchi tatu. Kazi ya mapipa hayo ni kunasa nyutrino, chembe zinazopenya mwamba na mwili wa mtu bila hata kupiga hodi. Yote matatu yalikuwa yamenasa kishindo kimoja, sekunde ileile, kutoka upande wa Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu.

Maana yake kila aliyekuwa chumbani aliijua. Kiini cha nyota kubwa kilikuwa kimeporomoka. Nyutrino zilitoka mara moja, lakini wimbi la mlipuko lilikuwa bado linapanda kutoka ndani, na lingefika juu ya nyota baada ya siku moja hivi. Hiyo ni kwa hesabu ya Singida. Kwa hesabu ya nyota yenyewe, iliyo mbali mno, mambo yalikwisha zamani, babu zetu wakiwa bado wanakimbizana na swala kwa mawe.

"Mwanga wa kwanza utafika kesho mchana," Ngwatu alisema. "Na utakuwa urujuanimno mtupu. Saa chache, halafu basi."

Urujuanimno ni ile miale ya jua inayobabua ngozi na ambayo jicho la mtu haliioni. Sehemu yake kubwa huzuiwa na ozoni huko juu, jambo jema kwa ngozi zetu na baya kwa wanaastronomia. Anayetaka kuitazama hana budi kupeleka jicho nje ya hewa. Ndiyo maana kulikuwa na Nyuki, darubini iliyokaa ng'ambo ya mwezi, iliyopewa jina la mdudu ambaye huiona miale hiyo kwenye petali za maua wakati sisi tunaona njano tu. Katika maisha yake Nyuki ilikuwa imeonyesha nyota changa zikizaliwa pembezoni mwa galaksi zilizodhaniwa kuwa ni vikongwe. Ilikuwa imeonyesha sayari ikipoteza hewa yake kama chungu kinachochemka bila mfuniko, na imepima gesi nyembamba iliyotanda kati ya galaksi na galaksi, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikikisiwa tu. Wakati huo hapakuwa na jicho jingine la aina hiyo angani, na la kuifuata lilikuwa bado mchoro juu ya karatasi.

Nyuki yenyewe ilikuwa imechoka. Gurudumu la kugeuzia lilibaki moja, hivyo kugeuka kutoka pembe moja ya anga kwenda nyingine kulichukua zaidi ya nusu siku. Kigae cha kupokea mwanga kilikuwa kimelika, kwa sababu kila chembe ya mwanga inayokigonga humega uhai wake kidogo. Uhai uliobaki ulitosha zamu moja ya kutazama nyota hafifu. Au ulitosha kuutazama mlipuko mmoja mkali, ambao ungekiunguza kigae moja kwa moja.

Na zamu iliyobaki ilikuwa na mwenyewe.

"Zamu ya marehemu Profesa," Ngwatu alisema, kwa sauti ya chini.

"Najua," alisema Nakijwa.

*

Nyuki iliendeshwa kwa upatu. Wageni walipoambiwa hivyo walicheka, kisha wakaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Vyuo kumi na viwili vya nchi ndogo na maskini, kuanzia Cape Coast hadi Antananarivo, vilichanga saa za darubini mwezi kwa mwezi, na kila zamu ilipofika mtafiti wa chuo kimoja alipokea chungu kizima. Kabla ya hapo walikuwa wakiomba nafasi kwenye darubini za wakubwa, na kila wakubwa walipopata jambo la haraka, aliyesogezwa alikuwa mdogo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya upatu wa anga ilikuwa ileile ya upatu wa mtaani: zamu hainyang'anywi. Ya pili ilihusu msiba. Mchezaji akifa kabla hajapokea, zamu yake huenda kwa watu wa nyumbani kwake, na wao ndio wanaosema itumike vipi.

Kanuni zote mbili aliziandika Profesa Elifasi Msengi wa Kiomboi, kijumbe wa kwanza. Vijumbe wengi hupokea wa kwanza. Yeye alijiweka wa mwisho ili watu wamwamini, akasubiri duru nzima, akafa mwezi wa Novemba, zamu yake ikiwa imebakiza majuma machache.

Dakta Mulindwa, mwenyekiti wa baraza la upatu huo, alipiga simu kutoka Kampala kabla ya saa nne. Alikuwa mtu mwema. Jambo hilo inafaa lisemwe mapema, kwa kuwa yanayofuata hayamwonyeshi hivyo.

"Mjane ni nani?"

"Bi Monika. Yuko Kiomboi."

"Nenda kwake sasa hivi. Mwambie kigae kimechakaa, hakioni tena kile alichokuwa anakitafuta marehemu. Akubali kwa hiari yake, tugeuze darubini leo jioni."

"Kigae kinaona, Daktari."

"Kinaona vibaya."

"Vibaya, lakini kinaona. Kwa nini tusimwombe tu?"

"Kwa sababu anayeombwa anaweza kukataa. Akikataa nani atamlazimisha? Sheria tumeitunga wenyewe." Mulindwa alivuta pumzi. "Nakijwa, mimi sikutumi ukadanganye. Nakuomba ufupishe maelezo."

Angeweza kukataa palepale. Hakukataa, na sababu haikuwa heshima kwa mwenyekiti. Nakijwa alikuwa amesomea vifo vya nyota tangu ujana wake. Alikuwa ameandika juu ya ile saa ya kwanza ya mlipuko, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona vizuri, na alikuwa amekwisha kubali kwamba atakufa hajaiona. Sasa ilikuwa njiani inakuja. Aliitaka nyota ile kwa tamaa ya waziwazi, kama mtu aliyefunga anavyoutaka uji magharibi ikikaribia.

Alichukua gari la umeme la kituo na kushika njia ya Misigiri.

*

Bi Monika Msengi alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alikuwa barazani kwake akichambua maharage kwenye ungo, mvua ya Januari ikiwa imetoka kunyesha na uani kukiwa na matope. Redio ndogo ilikuwa karibu na mguu wake, imezimwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Wewe ni Nakijwa. Elifasi alisema unakula haraka kuliko askari."

"Alinisingizia, mama."

"Hakukusingizia. Nilikuona siku ya mazishi."

Nakijwa alitoa pole upya, akaketi, akapewa chai, akainywa taratibu kwa makusudi. Waliulizana habari za mvua na za barabara. Halafu alisema alichotumwa. Alieleza habari ya nyota iliyokufa, akaeleza uchakavu wa kigae, akamaliza kwa kusema kwamba mistari ya mwanga aliyokuwa akiitafuta marehemu haionekani tena. Alisema kwa ufupi, kama alivyoombwa.

Bi Monika aliendelea kuchambua.

"Kwa hiyo hakioni."

"Hakioni, mama."

"Tukiielekeza kwenye nyota yake tutapata giza tu."

"Ndiyo."

"Basi chukueni. Kama huko hakuna kitu, nikatae ili iweje? Chukueni."

Jambo lilikuwa limekwisha. Nakijwa alishukuru na kuanza kutafuta namna ya kuaga ambayo haitaonekana ya pupa.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema Bi Monika. "Yeye alijua?"

"Alijua nini, mama?"

"Kwamba hakioni."

Swali hilo Mulindwa hakuwa ameliandalia jibu. "Hapana. Hakujua."

Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo. "Daktari wa Dodoma alitaka kumpasua mwezi wa tisa. Alimwambia usisubiri. Elifasi akasema atapasuliwa zamu ikipita, maana akifia kwenye meza yao nani atakuja kusoma majibu? Tuligombana. Sijawahi kugombana naye vile. Mwisho nikamwacha. Nilijiambia, mtu mzima anajua anachokisubiri." Alitazama matope ya uani. "Kumbe alikuwa anasubiri mlango uliokwisha kufungwa. Kumbe alikufa bure."

Hakulia. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, ndipo akaokota jiwe dogo kwenye maharage na kulitupa.

Nakijwa alikuwa na alichokijia. Gari lilikuwa nje, na muda ulikuwa unatosha. Lakini alijua kwamba hataweza kunyanyuka kwenye kile kiti.

"Mama, nimekudanganya."

Bi Monika aliokota jiwe jingine.

"Kigae kinaona. Si kama zamani, lakini kwa zamu nzima mistari yake itaonekana. Hakusubiri bure. Tulitaka ile nyota inayolipuka, tukaogopa kukuomba. Nilikubali kuja kwa sababu na mimi naitaka."

Bi Monika aliweka ungo chini.

"Asubuhi redio ilipotangaza, nilikaa hapahapa nikasema, watakuja. Na wakija nitawapa. Elifasi angewapa, angevua na shati. Nilikuwa nakungoja uombe."

"Naomba sasa, mama."

"Sasa siwezi."

"Mama, mwanga ule hakuna aliyewahi kuuona vizuri. Pengine hautatokea tena sisi tukiwa hai."

"Najua. Ndiyo maana ningetoa." Hasira ilikuwepo, lakini aliishikilia kwa mazoea ya kazi. "Sikiliza. Nikikupa sasa, baraza lenu litajifunza nini? Kwamba mjane anadanganywa kwanza, na ikishindikana anaombwa, na njia zote mbili zinafika mahali pamoja. Kesho watakwenda kwa mjane wa Antananarivo. Atakayewazuia ni nani? Elifasi alitunga ile kanuni kwa ajili ya siku ambayo kila mtu atakuwa na sababu nzuri ya kuivunja. Siku ya sababu mbaya haihitaji kanuni, watu wenyewe wanaona aibu."

"Dunia nzima itakosa, mama."

"Itakosa. Na mimi nitaitwa mwanamke mjinga wa Kiomboi. Elekezeni darubini kwenye nyota ya mume wangu."

*

Nyota ya mume wake ilikuwa kibete cheupe, yaani mabaki ya nyota iliyokwisha kuungua, ukubwa wake sawa na dunia. Kwa kawaida uso wa kibete cheupe ni safi, maana vitu vizito huzama ndani. Huu ulikuwa na uchafu. Msengi aliamini kwamba uchafu ule ni sayari iliyosagwa na kumezwa, na kwamba makombo yake yangeweza kusomwa mojamoja, kaboni, fosforasi, salfa, oksijeni, kwa mistari ambayo karibu yote imo kwenye urujuanimno. Oksijeni ikizidi ile inayobebwa na mawe, basi kulikuwa na maji. Msengi alikuwa na hakika kwamba sayari ile ilikuwa na bahari. Hakuwa na ushahidi wowote, ila hakika alikuwa nayo.

Nakijwa alisimamisha gari Misigiri akampigia Mulindwa. Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho, na hakupandisha sauti.

"Alisema 'chukueni'?"

"Alisema kabla sijamwambia ukweli."

"Lakini alisema. Hilo ndilo litakaloandikwa. Neno la siri la kijumbe unalo wewe, darubini haimsikilizi mtu mwingine. Geuza. Lawama nitaibeba mimi."

"Lawama haibebeki kwa niaba, Daktari."

"Basi nikuambie kweli," Mulindwa alisema, na kwa mara ya kwanza alisikika kuwa mzee. "Usipoigeuza, vyuo vya wakubwa havitachangia darubini inayofuata. Watasema tulikuwa na jicho pekee na tukalifunga kwa sababu ya matanga. Unawaua nyuki wote, siyo mmoja."

Yawezekana alikuwa sahihi. Nakijwa aliendesha hadi Mwankoko akilifikiria hilo, na hakupata jibu la kulishinda. Alichokuwa nacho kilikuwa kidogo: alikuwa amemwangalia mwanamke usoni, akamwachia aamini kwamba mumewe alikufa bure, na ilimchukua muda kukanusha.

Ngwatu alikuwa ameandaa amri mbili kwenye vioo viwili. Moja ingepeleka Nyuki kwenye Wingu la Magellan. Nyingine ingeipeleka upande wa pili wa anga, kwenye nukta ambayo hata ramani nzuri haziipi jina. Kila moja ilikuwa inasubiri neno.

Nakijwa alikaa mbele ya kile cha kwanza kwa muda. Hakuna ambaye angemzuia. Mama alikuwa Kiomboi, Ngwatu alikuwa rafiki, na dunia ingemsamehe kabla ya magazeti kukauka wino. Aliinuka akahamia kioo cha pili, akatamka neno lake. Huko ng'ambo ya mwezi gurudumu lililobaki lilianza kuzunguka.

Kisha alilia. Ngwatu akainama chini ya meza kutafuta waya ambao haukupotea.

*

Nyota ililipuka siku ya pili mchana, kama ilivyotabiriwa. Darubini za kawaida zote ziliielekea na kupata kilichopatikana, yaani mwanga uliofuata, mkia wa habari. Saa ya kwanza ilipita bila kutazamwa na mtu. Simu za kituo zililia mpaka Ngwatu akazikata. Baraza lilikutana kwa dharura, likamwondolea Nakijwa ukijumbe kuanzia mwisho wa zamu, na vyuo viwili vikatangaza kujitoa. Chuo cha Antananarivo kilituma salamu fupi ya asante.

Zamu ilipokwisha, kigae nacho kilikuwa kimekwisha. Kwa desturi iliyoanzishwa na Msengi mwenyewe, mpokeaji wa zamu huja kupokea kwa mwili wake, huketishwa kwenye kiti katikati ya chumba, hupigiwa vigelegele, na pilau hupikwa. Bi Monika alikuja Jumamosi alasiri amevaa khanga mpya. Vigelegele vilipigwa na mpishi na wake wawili wa mafundi, vikawa vyembamba kidogo.

Nakijwa alisimama pembeni yake na kumwonyesha mistari kwenye kioo.

"Hii ni kaboni, mama. Hii salfa. Hii ni fosforasi, iliyomo kwenye mifupa ya watu."

"Kwa hiyo ilikuwa sayari kweli."

"Ilikuwa sayari kweli. Hilo hakukosea."

"Na bahari?"

"Oksijeni ni hii hapa." Alisita, kisha akaendelea. "Inatosha mawe tu. Hakuna ya ziada. Ilikuwa kavu, mama. Hapakuwa na bahari."

Bi Monika aliutazama ule mstari kwa muda mrefu. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na watu wakasogea, kumbe alikuwa anacheka.

"Nilimwambia! Nilimwambia, huko ni mawe matupu kama hapa kwetu Singida. Akaninunia siku nzima." Kicheko kilimgeukia njiani kikawa kilio, akafunika uso kwa khanga mpya, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza alisema, "Angechukia sana majibu haya."

"Angechukia siku mbili," alisema Nakijwa. "Ya tatu angeomba zamu nyingine."

"Na hakuna nyingine."

"Hakuna, mama."

Walitoka nje kwenye roshani kupisha meza itandikwe huko chini. Jua lilikuwa limetua muda si mrefu, na upande wa kusini, juu ya mawe makubwa, ile nyota mpya ilikuwa imekwisha kutokeza, nyeupe yenye ubuluu, mahali ambapo juma lililopita hapakuwa na kitu.

"Ndiyo ile?"

"Ndiyo."

"Ni nzuri."

"Ni nzuri sana."

Bi Monika alimgeukia. "Unanichukia, mwanangu?"

Kumjibu mama wa umri ule vibaya si adabu popote, Upareni kwao Nakijwa wala Iramba kwao Bi Monika, na jibu la adabu lilikuwa tayari mdomoni. Nakijwa alilimeza.

"Kwa leo, ndiyo, mama."

Bi Monika aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa alichokuwa akikidai. Macho yake hayakuona vizuri kwenye kiza, hivyo alinyoosha mkono, Nakijwa akaushika, wakashuka ngazi polepole kwenda kula pilau.